Kutumia udongo uliorekebishwa na silikati zenye vitundu katika vifaa vya polima: mwongozo wa hatua kwa hatua

Nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa bentonaiti, aina ya udongo, juu ya maji kwenye glasi, kisha uache bila kukoroga. Ukirudi baada ya saa chache utaona unga umevimba mara kadhaa na kuwa kama ute. Rudia jaribio hilo kwa mafuta ya taa. Unga utazama na kulala chini kama mchanga, na hata kesho yake utakuwa vilevile.

Glasi hizo mbili zinaeleza shida nzima. Udongo huu unapenda maji, ilhali polima (plastiki na jamii yake) nyingi tunazotaka kuziimarisha, kama polipropilini na polietilini, zina tabia ya mafuta ya taa. Ukiumwaga udongo mbichi ndani ya plastiki iliyoyeyuka hupati kitu kipya, unapata plastiki yenye uchafu. Ili viwili hivi vishikane, uso wa udongo lazima ubadilishwe kwanza. Wanaoshindwa katika kazi hii huilaumu mashine ya kuchanganyia, lakini kwa niliyoyaona, mara nyingi kosa limefanyika siku kadhaa kabla, kwenye bika (glasi ya maabara), wakati wa kupima, kubadilisha ioni (chembe zenye chaji ya umeme) na kuosha. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu kazi ya bika.

Unachokishika mkononi

Madini makuu ndani ya bentonaiti ni montimorilonaiti, iliyopewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa. Imejengwa kwa karatasi za silikati (madini ya silikoni na oksijeni) zenye unene wa takriban nanomita 1 na upana wa nanomita mia moja hadi mia kadhaa, zilizopangwa moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu kilicholoa kikakauka. Ndani ya kila karatasi baadhi ya atomu za alumini zimeachia nafasi zao kwa magnesi, na kwa hiyo karatasi ina chaji hasi. Chaji hiyo inasawazishwa na ioni za sodiamu au kalisiamu zinazokaa katikati ya kurasa. Ioni hizo hazijafungwa kwa nguvu. Zinaweza kufukuzwa na ioni nyingine yenye chaji chanya, na mbinu zote za kurekebisha udongo huu zinategemea mlango huo.

Faida yake ilidhihirika mwishoni mwa miaka ya 1980 katika maabara za Toyota, Japani. Watafiti walitengeneza nailoni 6 huku udongo uliorekebishwa ukiwa tayari ndani ya malighafi yake. Kwa udongo usiofika asilimia 5 ya uzito, joto ambalo nailoni huanza kupinda chini ya mzigo lilipanda kutoka nyuzi 65 za Selsiasi hadi kama nyuzi 150, na ukakamavu ukakaribia mara mbili. Kwa talki au chokaa ya kawaida ungehitaji asilimia 20 au 30, na kifaa kingekuwa kizito zaidi.

Silikati zenye vitundu ni ukoo mwingine. Zeolaiti zina vitundu visivyofika nanomita 1. Silika za kutengenezwa kama MCM-41, iliyotangazwa na watafiti wa kampuni ya mafuta ya Mobil mwaka 1992, na SBA-15 ya mwaka 1998, zina vitundu vya nanomita 2 hadi 30 na uso unaofika mamia ya mita za mraba kwa kila gramu, wakati mwingine kama 1,000. Diatomaiti, yaani maganda ya mwani wa kale, ina vitundu vikubwa zaidi. Haloisaiti ni udongo uliojiviringisha wenyewe ukawa mirija yenye tundu la nanomita kama 15. Hizi hazipanuliwi kurasa. Unaamua kitu gani kiingie kwenye vitundu na kitu gani kibaki nje.

Kabla ya kufungua mfuko

Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, siyo kitambaa. Bentonaiti na diatomaiti huweza kuwa na kwatzi, na vumbi la silika ya fuwele husababisha silikosisi na saratani ya mapafu. Pima na kumimina unga ndani ya kabati la kuvuta hewa, na futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Hatua ya 1: Amua unataka nini

Usianze na udongo, anza na kifaa unachotaka kutengeneza. Ukitaka filamu inayozuia oksijeni au mvuke, unahitaji karatasi pana zilizotawanyika na kulala sambamba na filamu, hivyo chagua montimorilonaiti. Ukitaka kifaa kigumu kinachovumilia joto, montimorilonaiti inafaa tena, au sepiolaiti yenye umbo la nyuzi. Kwa rangi inayotoa dawa ya kuzuia kutu polepole, tumia haloisaiti. Kwa resini isiyotoa mapovu kwa sababu ya unyevu, tumia zeolaiti. Kwa kifaa chepesi chenye uwezo mdogo wa kuhifadhi umeme, tumia silika yenye vitundu vya katikati, na uviache vitundu vyake vitupu.

Kitu kimoja nikwambie mapema: ukitaka plastiki isiyovunjika inapogongwa, udongo peke yake si jibu. Mara nyingi ukakamavu ukipanda, ustahimilivu wa kugongwa hushuka.

Hatua ya 2: Safisha udongo

Kama umenunua udongo uliosafishwa na wenye sodiamu, ruka hatua hii. Kama una bentonaiti ghafi, tawanya gramu 20 katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa na koroga usiku kucha. Mimina kwenye silinda ndefu na uache maji yatulie. Katika nyuzi 20, chembe za mikromita 2 huzama sentimita 10 kwa takriban saa 8. Baada ya muda huo, nyonya kwa mpira sentimita 10 za juu tu. Mchanga na kwatzi nyingi vitakuwa vimebaki chini.

Dondoshea sehemu kidogo asidi ya asetiki iliyozimuliwa. Ikichemka mapovu kuna kabonati, nayo iondolewe kwa asidi hiyohiyo dhaifu mpaka mapovu yaishe. Usitumie asidi kali, kwa sababu itakula karatasi zenyewe.

Kisha geuza udongo wote uwe wa sodiamu: koroga katika mmumunyo wa chumvi ya kawaida wa moli 1 kwa lita, tenganisha, rudia mara tatu, halafu osha kwa maji yaliyokenekwa mpaka tone la nitrati ya fedha lisifanye ukungu mweupe kwenye maji ya kuoshea. Udongo wa kalisiamu hauvimbi vizuri, na karatasi zisipoachana majini hapa hazitaachana kwenye plastiki.

Hatua ya 3: Pima uwezo wa kubadilishana ioni

Usikubali namba iliyoandikwa kwenye mfuko. Montimorilonaiti nyingi huwa kati ya milimoli 80 na 120 za chaji kwa kila gramu 100, na pengo hilo linatosha kuharibu kazi yako. Kipimo cha methilini bluu ni rahisi na hakihitaji chombo cha gharama.

Tawanya gramu 0.5 za udongo mkavu katika mililita 100 za maji, weka matone machache ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, na uendelee kukoroga. Ongeza mmumunyo wa methilini bluu wa milimoli 10 kwa lita, mililita moja moja. Kila baada ya kuongeza subiri dakika moja au mbili, chovya kijiti cha kioo, na uweke tone kwenye karatasi ya chujio. Mwanzoni utaona doa la bluu iliyokolea katikati, na maji yanayosambaa kando yake hayana rangi yoyote, kwa maana udongo umeishika rangi yote. Endelea. Itafika mililita ambapo duara jepesi la samawati linajitokeza kuzunguka doa, kama jicho lenye mboni. Usishangilie bado. Koroga dakika mbili zaidi na uweke tone jingine. Duara likipotea, udongo ulikuwa bado na njaa. Likibaki, umefika.

Ukitumia mililita 45, hesabu ni hii: mililita 45 za mmumunyo huo ni milimoli 0.45. Gawanya kwa gramu 0.5, zidisha kwa 100, unapata milimoli 90 kwa gramu 100. Iandike kwenye chupa ya udongo, pamoja na tarehe.

Hatua ya 4: Badilisha ioni

Sasa tunafukuza sodiamu na kuingiza ioni ya amoniamu yenye mkia mrefu wa kaboni. Kichwa chake chenye chaji chanya kinashika karatasi, na mkia unaifanya karatasi ifanane na mafuta. Kwa kujifunzia, setili-trimethili-amoniamu bromidi inatosha, na inapatikana kirahisi.

Kwa gramu 20 za udongo wenye uwezo wa 90, chaji ni milimoli 18. Ongeza kidogo, mara 1.1, uwe na milimoli 19.8. Moli moja ya chumvi hii ina uzito wa gramu 364.5, hivyo unahitaji gramu 7.2. Usiweke mara mbili ya uwezo ukidhani nyingi ni bora. Ziada hujilaza kati ya karatasi bila kushikwa na chochote, na ndiyo ya kwanza kuungua na kutoka kama moshi wakati wa kuyeyusha plastiki.

Pasha mtawanyiko wa udongo, gramu 20 katika lita 1, hadi nyuzi 70. Yeyusha chumvi katika mililita 200 za maji ya joto hilohilo, na uimimine polepole kwa muda wa nusu saa huku unakoroga kwa nguvu. Utaliona badiliko kwa macho. Maji yaliyokuwa kama maziwa mepesi yanaanza kuganda mafungumafungu, mafungu yanajitenga, na ukizima kikorogeo maji ya kati yanaonekana safi. Endelea kukoroga saa 3 au zaidi ili ubadilishanaji ukamilike hata ndani ya mafungu.

Chagua mkia kwa kuangalia polima. Nailoni 6 hutawanya vizuri zaidi udongo wenye mkia mmoja, kwa sababu nailoni yenyewe inapatana na uso wa silikati na haipendi ufunikwe wote. Polipropilini na polietilini ni kinyume: mikia miwili husaidia kuificha silikati.

Angalia pia joto. Chumvi za amoniamu huanza kuvunjika karibu na nyuzi 180 hadi 200, na nailoni 6 huchakatwa kwenye nyuzi 230 hadi 250. Niliwahi kuachia mashine izunguke na mchanganyiko ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Chumba kikanuka shombo ya samaki, na utepe ulipotoka ulikuwa wa manjano, umejaa vitundu kama umechomwa kwa sindano. Harufu ile ni ya amini, yaani mkia umekatika kutoka kwenye kichwa chake. Kwa polima zinazohitaji joto kubwa zaidi, tumia chumvi za fosfoniamu au imidazoliamu, ambazo huvumilia joto zaidi. Kwa nailoni 6, punguza muda wa kukaa kwenye joto.

Hatua ya 5: Osha, kausha, saga

Hapa ndipo watu wanachoka, na ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Chuja, rudisha kwenye maji ya moto mchanganyiko na ethanoli kidogo, koroga, chuja tena. Rudia mpaka nitrati ya fedha isionyeshe ukungu wa manjano hafifu wa bromidi. Mara tatu hazitoshi kwa kawaida. Mimi huwa nafika tano au sita.

Kausha kwenye nyuzi 60 hadi 80, ikiwezekana katika tanuri la ombwe. Ukipandisha joto kupita hapo ili uwahi, unga unagandamana na kuwa kama kokoto. Saga kwa kinu na mchi, kisha pitisha kwenye chekecheo la mikromita 75 au dogo zaidi.

Sasa rudia jaribio la glasi mbili. Unga mpya ukinyunyizwa juu ya maji unaelea na kukataa kulowa, na ukiuweka kwenye tolini unavimba kuwa jeli. Ukiona sehemu inaelea na sehemu inazama na kuvimba majini, ubadilishanaji haujaenea, na heri urudie kuliko kuendelea.

Ukipata mashine ya eksirei, pima umbali kati ya karatasi. Kwa mionzi ya shaba ya nanomita 0.154, udongo wa sodiamu wenye unyevu wa hewa ya kawaida hutoa kilele karibu na digrii 7.4, sawa na nanomita 1.2. Udongo uliorekebishwa unapaswa kusogeza kilele kushoto, kwa mfano hadi digrii 4.6, ambayo ni nanomita 1.9. Kilele kikibaki karibu na 7, usipoteze plastiki yako.

Hatua ya 6: Hesabu madini, siyo unga

Gramu 20 za udongo zikibeba milimoli 18 za ioni yenye uzito wa gramu 284.5 kwa moli, mikia peke yake ni gramu 5.1. Hiyo ni takriban asilimia 21 ya unga uliokauka. Maana yake, ukitaka kilo 1 ya mchanganyiko wenye asilimia 3 ya madini, huhitaji gramu 30 za unga bali gramu 38. Ukiweka 30, una asilimia 2.4 tu, na ukilinganisha matokeo yako na ya mwenzako aliyehesabu madini mtabishana bila sababu.

Hatua ya 7: Changanya

Kama huna mashine ya kuyeyushia, anza na epoksi. Kausha unga tena usiku kucha. Uongeze kwenye resini ya epoksi iliyopashwa nyuzi 75, bado bila kigumishi, na koroga kwa saa 4 hadi 6. Resini inahitaji muda wa kupenya kati ya karatasi, na kukoroga kwa kasi kubwa kwa dakika kumi hakuwezi kuchukua nafasi ya muda huo. Mnato utapanda. Hiyo ni dalili njema, lakini pia ndiyo inayokulazimisha kuishia asilimia 3 hadi 5. Toa hewa kwenye ombwe resini ikiwa bado ya moto mpaka mapovu makubwa yaishe, poza, ndipo uongeze kigumishi kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, na mimina kwenye kalibu iliyopashwa kidogo.

Kwa nailoni tumia mashine ya skrubu pacha, inayoyeyusha plastiki na kuichanganya. Kausha chembe za nailoni kwenye nyuzi 80 chini ya ombwe usiku mzima, kwa sababu maji kidogo katika joto la kuyeyuka hukata minyororo ya nailoni, halafu utaulaumu udongo kwa udhaifu ambao haukuuleta. Kama mashine yako ni ndogo na haina kipimio kizuri cha unga, tengeneza kwanza mchanganyiko mzito wa asilimia 20, ukate chembe, kisha uuzimue kwa nailoni tupu katika mzunguko wa pili.

Kwa polipropilini ongeza kiunganishi: polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, mara 2 hadi 3 ya uzito wa udongo. Bila hicho, hata udongo wenye mikia miwili hubaki katika mafungu. Usikiongeze kupita kiasi, maana ni laini kuliko polipropilini yenyewe na kitakula ukakamavu unaoutafuta.

Njia ya tatu ni ile ya Toyota: kuuvimbisha udongo katika malighafi ya polima na kuifanya malighafi iungane hapohapo. Kwa nailoni 6 walitumia asidi yenye kaboni 12 na kikundi cha amini. Amini ikishika karatasi, upande wa asidi unakuwa mahali ambapo mnyororo wa nailoni huanza kukua. Mnyororo unapokua unazisukuma karatasi ziachane. Ni njia nzuri kuliko zote kwa utawanyaji, lakini inadai mtambo wa kutengenezea polima yenyewe.

Sasa silikati zenye vitundu

Huku kanuni moja inatawala: kausha, halafu kausha tena. Vitundu hivi hunyonya unyevu wa hewa tangu unapofungua kifuniko.

Kwa poliyurethani ya kumimina, zeolaiti huokoa kazi nyingi. Maji yakikutana na isosianati, moja ya sehemu mbili za poliyurethani, hutoa hewa ya ukaa, na sakafu au kifaa chako kinajaa mapovu. Chagua zeolaiti ya aina ya 3A. Mlango wa vitundu vyake, wa nanomita kama 0.3, unaruhusu maji kuingia na kuzuia molekuli kubwa zaidi. Aina ya 4A huweza kubeba hewa ya naitrojeni au hewa ya ukaa ndani yake, na maji yakiingia yanaifukuza hewa hiyo nje. Hapo unaweza kupata mapovu kutoka kwenye dawa ya mapovu. Choma zeolaiti kwenye nyuzi 300 kwa saa kadhaa, iache ipoe katika chombo kisichopitisha hewa, na uichanganye kwenye polioli, ile sehemu ya pili, kwanza, asilimia 2 hadi 5. Ipe nafasi ya kunyonya unyevu wa polioli kabla ya kuleta isosianati.

Silika za MCM-41 na SBA-15 hutengenezwa kwa kuzungushia silika kiolezo cha kikaboni. Ukizipata zikiwa bado na kiolezo, zichome kwenye nyuzi 550 kwa saa 5 hadi 6, ukipandisha joto polepole, nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Ukitaka polima iingie kwenye vitundu, ingiza malighafi yake yenye molekuli ndogo, siyo polima iliyokwisha kuungana, maana minyororo mirefu inapenya kwa shida sana. Lowesha silika kwa malighafi chini ya ombwe, rudisha hewa, rudia mara mbili au tatu, ndipo uanzishe muungano. Haloisaiti hujazwa kwa namna hiyohiyo: weka unga katika mmumunyo mzito wa dawa, kwa mfano benzotriazoli ya kuzuia kutu, vuta ombwe mpaka mapovu madogo yaache kutoka, rudisha hewa ili mmumunyo usukumwe ndani ya mirija, kisha sentrifyuji na uoshe haraka mara moja.

Silika hazina ioni za kubadilisha kama udongo, kwa hiyo uso wake hurekebishwa kwa silani, yaani kemikali ya silikoni inayojifunga kwenye uso wa silika. Kwa epoksi chagua yenye kikundi cha amini. Gramu moja ya amino-propili-triethoksi-silani hufunika takriban mita za mraba 353. Gramu 10 za silika yenye uso wa mita 200 kwa gramu zina mita 2,000, hivyo unahitaji gramu 5.7. Ukiifanyia hesabu hiyo silika yenye vitundu ya mita 800 kwa gramu, utapata gramu 22.7 za silani kwa gramu 10 za silika, kiasi kisicho na maana. Kwa silika kama hiyo rekebisha uso wa nje tu: anza na gramu 1 na upandishe kwa majaribio.

Tawanya silika iliyokaushwa kwenye nyuzi 120 katika ethanoli yenye maji asilimia 5, dondosha silani, koroga saa 4 kwenye nyuzi 60, osha kwa ethanoli mara tatu, kausha kwenye nyuzi 110 ili vifungo vikamilike. Kuhakiki, weka chembe chache kwenye tone la ninhidrini na uzipashe. Zikigeuka zambarau, amini ipo. Osha mara moja zaidi na urudie. Zambarau ikififia sana, silani yako ilikuwa imelala juu tu, haijashika.

Usisahau kwamba silika yenye vitundu ina kazi nyingine kubwa nyuma ya pazia: kubeba kichocheo. Mwaka 1951 J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya mafuta ya Phillips walipata polipropilini ya fuwele kwa kichocheo chenye kromu, na kromu juu ya silika yenye vitundu bado inatengeneza sehemu kubwa ya polietilini nzito duniani.

Hatua ya 8: Kagua ulichopata

Tengeneza filamu nyembamba kwa kubana kati ya sahani mbili za moto, uishike mbele ya taa. Udongo uliotawanyika vizuri huacha filamu iwe angavu. Ukiona vidoadoa vya kahawia au vyeupe, hayo ni mafungu, na hakuna kipimo cha baadaye kitakachoyafuta.

Ukipima kwa eksirei na kilele kikapotea, usitangaze ushindi. Kilele hupotea karatasi zikiachana, lakini pia hupotea udongo ukiwa kidogo mno au mpangilio ukivurugika bila karatasi kuachana. Picha za hadubini ya elektroni ndizo zinazomaliza ubishi.

Kwa filamu za kuzuia gesi, tumia hesabu ya Nielsen, inayokadiria jinsi karatasi zinavyoirefushia gesi njia, kama kipimo cha matumaini yako. Asilimia 5 ya uzito wa udongo katika nailoni ni kama asilimia 2 ya ujazo. Karatasi zenye upana mara 100 ya unene, zikilala sambamba na filamu, zinapunguza upenyaji wa gesi hadi karibu nusu. Ukipata punguzo la asilimia 10 tu, karatasi hazikuachana au hazikulala. Ukipata asilimia 90, kagua tena unene wa filamu kabla ya kumwambia mtu.

Mwisho fanya kipimo cha majivu. Pima gramu 2 za mchanganyiko kwenye chombo cha kauri, choma taratibu kisha fikisha nyuzi 850 mpaka uzito usibadilike. Choma pia udongo wa sodiamu mtupu kwa joto hilohilo, kwa sababu nao hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini, na usiporekebisha hilo utapata asilimia ndogo kuliko ukweli. Chukua sampuli tatu: mwanzo wa utepe uliotoka kwenye mashine, katikati, na mwisho. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu ya kumi, kipimio cha unga hakikulisha sawasawa. Rekebisha hicho kwanza, na usipeleke kipande chochote kwenye mashine ya kuvuta mpaka sampuli zote tatu zikubaliane.